Kengele Isipolia

Sanduku lenyewe lilikuwa la viatu. Ndani yake mlikuwa na vita vya kumaliza dunia, vimepangwa kwa alfabeti.

Rispah alilifungua mara ya kwanza akiwa na miezi miwili katika ile nyumba ya Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh. Alikuwa ameandikwa kazi ya kupika, kufua, na kumwangalia mzee. Mzee aliitwa Mselem. Wazazi wake walimtoa Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa na miaka minane, akakulia Saudia, akasomea Saudia, kisha kwa miaka thelathini na mitano kazi yake ikawa kutafsiri vitabu vya mikakati ya vita kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu. Kiswahili kilibaki lugha yake ya nyumbani, ya kuombea chumvi na kugombana na dada yake. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, na kadi zake, alizoziandika kwa mkono maisha yake yote, zilikuwa zimemfungia mlango.

"Umesoma mpaka wapi, mwanangu?" alimuuliza.

"La nane tu, Baba."

"Yatosha. Wewe nitajie herufi. Maana ninazo mimi."

Basi kila alasiri, mzee akishasali, Rispah alimwekea kahawa yake, akaketi kwenye zulia na kumsomea. Kila kadi ilikuwa na herufi tatu au nne za Kiingereza, na chini yake Kiarabu ambacho yeye hakukijua. Mzee alitaka kuzitia zote kwa Kiswahili kabla hajafa. Hakusema ni za nani. Rispah hakuuliza. Alikuwa mtu wa kungoja. Mambo mengi, ukiyangoja, huja yenyewe.

"M, A, D," alisoma siku ile ya kwanza.

"Aa! Hiyo ndo mama yao." Mzee akasugua viganja. "Sikiliza. Wewe una mabomu ya kunimaliza mimi na wangu wote. Mimi ninayo ya kukumaliza wewe na wako wote. Ukinipiga, kabla sijafa nakupiga. Kwa hivyo hunipigi, nami sikupigi. Tunakaa."

"Tunakaa hadi lini?"

"Hapo ndipo kadi inapoishia."

Kisha akamweleza kwamba herufi hizo, Mwingereza akizisoma kama neno, ni mwendawazimu. Na wale waliopinga mpango huo, waliosema vita vya namna hiyo vinaweza kupiganwa kidogo kidogo na mtu akashinda, mpango wao nao ukapewa herufi zinazosomeka vichaa. "Wendawazimu na Vichaa," Mselem alisema, huku tumbo likimtikisika kwa kicheko. "Wamebishana miaka na miaka, tai shingoni, kila upande na maprofesa wake."

Rispah naye akacheka. Halafu akaona haya, kama mtu aliyecheka matangani.

Zikafuata nyingine. Kulikuwa na herufi za roketi moja inayobeba vichwa vingi, kila kichwa na mji wake. Kulikuwa na herufi za duara: unachora duara, na nusu ya makombora yako yataanguka ndani yake.

"Na ile nusu ingine, Baba?"

"Nusu nyingine, mwanangu, haina kadi."

Kulikuwa na herufi za kufuli la bomu, ambazo kwa Kiingereza zinasomeka rafiki. Mzee akasema kuna afisa mmoja mstaafu aliyesimulia kwamba kwa miaka mingi namba ya siri ya kufyatulia makombora fulani ilikuwa sufuri nane mfululizo, ili mtu asihangaike kukumbuka. Jeshi lake lilikana. "Lakini alisema, na mimi nikatafsiri."

"Hata mimi laini yangu ilikuja na namba ya siri ya sufuri nne," Rispah akasema, "na siku hiyo hiyo nikabadilisha."

"Basi umewazidi."

Alipopanda juu ya nyumba kuanika nguo, Rispah alisimama na kikapu mkononi akautazama mji. Matangi ya maji juu ya kila paa, yamepangwa hadi jicho linapochoka. Minara. Magari yasiyokwisha. Akawaza kwamba mahali fulani, ndani ya kabati fulani, pana mtu aliyeweka nukta juu ya mji kama huu akauchorea duara, kisha akaenda nyumbani kula. Mwili ukamsisimka. Haikuwa hofu hasa. Ilikuwa kama siku ile utotoni alipoonyeshwa Mlima Kenya asubuhi isiyo na wingu, akajua kwamba kumbe ulikuwa pale siku zote.

"Baba, Riyadh ina kadi?"

"Kila mji mkubwa una kadi, mwanangu."

"Na kwetu, Runyenjes?"

Mzee akafikiri kwa dhati. "Runyenjes nadhani wameisahau."

"Ashukuriwe Mungu."

Siku moja akamuuliza kama walioandika hizo herufi walikuwa wakicheka.

"Naamini walicheka," mzee alisema. "Mtu hawezi kuandika asubuhi, leo tutaua watu milioni mia, kisha adhuhuri akakaa mezani. Anaandika herufi nne. Adhuhuri anakula."

Hilo Rispah alilielewa bila kuelezwa. Dada yake Hannah alikuja Saudia kabla yake, katika mji mwingine, nyumba nyingine. Wiki tatu nzima ujumbe ulikuwa ukija kutoka simu ya Hannah: niko sawa, kazi ni nyingi, msijali. Baadaye ikajulikana kwamba wiki hizo tatu Hannah alikuwa ndani ya jokofu la hospitali, na aliyekuwa akiandika hakujulikana hadi leo. Mwili ulichukua miezi minne kufika Nairobi, kwa sababu mama yao, ambaye ndiye aliyetakiwa kutia sahihi, alicheleweshewa habari. Rispah alikwenda na kaka yake Nahashon kulipokea sanduku kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Juu yake palibandikwa karatasi yenye herufi tatu: HUM. Akamuuliza karani. Karani akatazama kando, akasema ni herufi za mizigo tu, dada, ndivyo tunavyoandika mabaki ya mtu.

Siku walipomweleza mama, alianguka pale pale jikoni. Alipoinuka, mkono wa kushoto haukuinuka naye. Daktari wa zahanati akawaita watoto kando: presha yake haitabeba habari ya pili kama ile.

Kadi iliyofuata haikuwa na utani. Ilikuwa na neno moja la Kirusi. Mselem alishusha sauti.

"Hii inasemekana ipo. Warusi walijiuliza, je, tukipigwa sote kwa mara moja, wakubwa wote wakafa, nani atatoa amri ya kujibu? Wakatengeneza mtambo unaosikiliza. Unasikiliza ardhi kama imetikisika. Unasikiliza simu za wakubwa kama zinalia. Zikinyamaza zote, ule ukimya ndio amri. Watu wachache ndani ya shimo wanaachiwa ufunguo, roketi moja inapanda juu na kuziimbia nyingine zote: nendeni."

Kahawa ilipoa. Rispah alikuwa akitazama kadi.

"Baba, hiyo tuko nayo."

"Mna nini?"

Akamweleza. Rafiki yake Velma, wa kwao pia, alifanya kazi kwa madam mmoja huko Malaz, mtaa mwingine wa Riyadh. Kila jioni kabla ya magharibi Rispah alimflashi Velma, yaani alimpigia na kukata kabla hajapokea: mara mbili, anangoja kidogo, kisha mara moja. Ikilia hivyo, Rispah yu hai na yu huru. Isipolia, Velma anangoja asubuhi. Saa mbili asubuhi anatuma picha ya Rispah kwenye kundi la wanawake wa Kenya walioko Ghuba, maelfu yao. Saa nne anapiga ubalozi. Saa nane mchana anampigia Nahashon, naye anapanda pikipiki kumwambia mama, ili safari hii sahihi isichelewe.

"Na ujumbe wa maneno?"

"Hatuamini maneno. Hannah aliandikiwa maneno. Lazima namba yangu na mpigo wangu, viwili pamoja. Kimoja kikikosa, ni kama vyote vimekosa. Na mtu akija na sauti yangu akisema niko sawa, hapo Velma ajue ndiyo siko sawa."

Mselem aliweka kikombe chini taratibu, akitafuta sahani kwa vidole. "Funguo mbili," alisema. "Subhanallah. Watoto wa la nane. Na mna jina lake?"

"Jina la nini?"

"Silaha haina jina? Haiwezekani!" Wakakaa nalo alasiri nzima, hadi mzee alipopiga paja. Kengele Isipolia, Mpige Yowe Asubuhi. Rispah akaandika herufi za mwanzo kwenye kadi mpya, moja moja, akaziona zimesomeka KIMYA. Walicheka hadi madam Huda, binti wa mzee na mwenye nyumba, akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

"Mambo ya kazi," baba yake akamjibu.

Alipoondoka, mzee aliuliza swali moja tu, na hakuwa akicheka. "Na simu ikiharibika, mnaizimaje?"

"Simu yangu ni ngumu, Baba. Haijawahi kuharibika."

*

Haikuharibika. Ilizama.

Walikuwa njiani kwenda Jeddah, ambako mzee alikuwa afanyiwe upasuaji wa macho. Wangefikia kwa dada yake, Bi Nunu, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Faris, mume wa Huda, ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na kwa ajili ya Rispah, aliye Mkristo, wangezunguka Makka kwa njia ya pembeni. Katikati ya jangwa walisimama kwenye kituo cha mafuta. Rispah aliingia chooni, kile cha kuchuchumaa, simu ikiwa kwenye mfuko wa sketi. Ilipoteleza aliisikia kabla hajaiona. Ilikuwa imewaka. Alisimama akaitazama ikimmulika kutoka chini, mwanga wa kijani ndani ya maji yale, hadi ikazimika. Laini ikaenda nayo, na namba za watu wote duniani zikaenda nayo. Namba ya Velma peke yake ilikuwa kichwani.

"Madam, simu yangu imeingia chooni."

"Mafi mushkila, hakuna shida," Huda alisema, amechoka, binti yake mdogo, Lina, amelala mapajani. "Tukifika tutanunua nyingine."

"Ni laini, madam. Nataka ile ile namba."

"Laini ni ya jina la Faris. Bila kidole chake dukani hawakupi. Kesho, inshallah."

Lakini walifika Jeddah maduka yamefungwa, na alfajiri Faris akapanda ndege kurudi kazini, na kidole chake. Magharibi ilikuwa imekwisha kupita bila kengele.

Saa moja asubuhi Rispah aliazima simu ya Bi Nunu. Akampigia Velma mara mbili, akakata, akangoja, akapiga mara moja. Mpigo ulikuwa sahihi. Namba haikuwa. Akapiga tena kama mtu wa kawaida. Velma hakupokea. Akatuma sauti: "Velma, ni mimi, simu ilianguka chooni, niko Jeddah, niko sawa kabisa." Ilipokwisha kwenda ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Niko sawa. Kati ya maneno yote ya dunia, amechagua hayo.

Saa mbili kamili picha yake ikatoka.

Bi Nunu ndiye aliyeiona, kwa sababu mpwa wake mmoja alimtumia akiuliza kama huyu siye msichana wa Mselem. Ilikuwa picha ya Rispah amevaa gauni la kanisani. Chini yake: DADA YETU AMENYAMAZA. Kufikia saa tatu ilikuwa imesambazwa mara elfu moja na mia mbili. Wanawake wa Dammam, wa Kuwait, wa Doha, wanawake asiowajua, walikuwa wakiandika jina lake kwa herufi kubwa na kumwombea. Mmoja aliapa kwamba alimwona akipigwa. Mwingine aliandika tu RIP. Rispah aliketi kwenye kizingiti cha jiko, simu ya Bi Nunu mkononi, akawatazama wakimlilia. Hakuwahi kujua kwamba ni mkubwa kiasi hicho. Walikuwa wametengeneza kitu wawili, kwa kunong'ona, na sasa kilikuwa kinatembea chenyewe nchi tano, na yeye aliyekitengeneza alikuwa anakikimbilia nyuma akikiita kirudi.

Saa nne simu ya Huda ililia. Ubalozi. Huda akaeleza kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu tena. Wakasema wamesikia, watafuatilia, msichana asitoke nchini. Huda alipokata alikuwa amepauka. "Wananiongelesha kama muuaji!"

"Madam, nisamehe," Rispah alisema. "Mimi si ubalozi ninaouogopa. Saa nane atampigia Nahashon. Mama akisikia anakufa."

Akawaeleza yote, mbele ya mzee, mbele ya Bi Nunu. Mselem alisikiliza. Alikuwa ameyajua yote, isipokuwa presha na ule mkono wa kushoto.

Saa saba unusu Velma alipokea. Hakupokea kwa huruma. Alipokea kwa vita, kwa video, uso wake umejaa kioo chote.

"Nani ako hapo nyuma ya simu?"

"Velma, ni sisi tu, huyu ni Bi Nunu..."

"Kwa nini unatetemeka?"

"Kwa sababu yako!"

"Ehe. Wamekuambia useme hivyo. Rispah, kama wamekushikia kitu, kohoa."

Vumbi la jiko likamwingia kooni wakati huo huo, naye akakohoa.

"Nilijua!" Velma akapiga yowe.

"Si kukohoa huko! Niulize kitu. Niulize chochote cha shule."

"Mtu akichomwa pasi anasema kila kitu cha shule. Hapana. Kama uko huru, mtukane huyo mzee wako. Sasa hivi, nikisikia, naye akisikia."

Rispah akageuka. Mzee alikuwa palepale kwenye kochi, macho yake ya ukungu yameelekea sauti, na Kiswahili chote amekisikia.

"Nitukane, mwanangu," Mselem alisema. "Usione haya. Haraka."

Rispah akafungua mdomo. Katika maisha yake hakuwa amewahi kumtolea mtu mzima neno baya. "Baba... wewe ni..." Akameza mate. "Wewe ni mzee."

"Hilo ndo tusi?" Bi Nunu akaruka. "Hiyo si ndo sura yake! Niachieni mimi, nina miaka sitini ya mazoezi. Mselem, fala mkubwa wewe, kichwa kama..."

"Si wewe, nyanya, ni yeye!" Velma alilia. "Mnaona? Anashindwa. Wamemtisha hadi ulimi umekufa. Rispah, vumilia, tunakuja." Akakata.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika nane. Rispah alipiga tena na tena. Velma alikuwa ameifunga namba ile. Saa nane ikafika, ikapita, bila sauti yoyote. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yowe. Mahali fulani kule soko la Runyenjes simu ya Nahashon ilikuwa imelia, naye alikuwa anafunga mashine ya kusaga, anatafuta kofia ya pikipiki. Nusu saa hadi nyumbani, mvua isiponyesha.

Mselem alizungumza polepole, kama anayetafsiri. "Miaka thelathini na mitano. Na jambo lililoandikwa katika kila kitabu nimelisahau. Ishara isiyomuuma anayeitoa haimsadikishi mtu. Tumempa yule msichana maneno, na maneno ni rahisi. Adui huaminiwa anapoweka chini kitu ambacho hakuna mtu angekiweka chini." Akanyoosha mkono hewani. "Huda. Lete pasipoti ya Rispah."

Huda alikuwa amekumbatia mkoba wake. "Baba, halas, basi, tuwapigie tena ubalozi."

"Lete."

"Mpaka gari niko nalo mimi, watoto niko nao mimi, upasuaji wako Jumapili, na Faris hayupo. Akienda nani atakushika mkono?"

"Akienda ameenda. Mpe na ikama yake, kile kibali cha kukaa. Atoke peke yake na simu ya Nunu, aende popote miguu itakapompeleka, na asifuatwe na mtu. Hilo ndilo hakuna mtesaji aliyewahi kulifanya."

Ilichukua muda. Kisha zipu ya mkoba ikasikika. Rispah hakuwa ameiona pasipoti ile kwa miezi kumi na minne. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. Huda alimpa, lakini vidole vyake havikuachia mara moja.

"Utarudi?" aliuliza. Miezi yote hiyo alikuwa akimwambia. Leo alikuwa akimuuliza.

"Sijui, madam," Rispah alisema, na ilikuwa kweli. "Mimi nataka tu Mama asisikie."

*

Mtaa ulikuwa unawaka jua. Vibanda vya nguo vimeshusha milango kwa mapumziko ya mchana, na kijana wa duka la dawa peke yake ndiye aliyekuwa akichungulia kwa kioo. Rispah alitembea haraka, akapita kona, akapita kona nyingine, hadi nyumba ya Bi Nunu isionekane. Akaingia kwenye lile kundi la wanawake kwa jina la Bi Nunu, akawasha video moja kwa moja, akainua simu.

"Velma, nione. Ambieni Velma anione."

Dakika haikuisha. Jina la Velma likatokea, akapiga mwenyewe.

"Zungusha simu. Polepole. Zungusha tena. Nani ako nyuma ya hiyo gari?"

"Paka."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha paka.

"Vuka barabara. Endelea. Hao wanaume?"

"Wanabeba magodoro."

"Na hiyo uko nayo mkononi?"

Rispah akaiinua, akaifungua ukurasa wa picha, akaweka uso wake kando ya uso wake.  Velma alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Ni yako? Ya kweli? Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Na mlango wazi?"

"Na mlango wazi."

"Mungu wangu." Velma akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. "Mungu wangu, Rispah. Nahashon. Nilimpigia saa nane kamili, kamili kabisa, nilikuwa nimeweka kengele."

"Namba!"

Velma akaisoma huku akilia. Nahashon hakupokea, mtu aliye kwenye pikipiki hasikii kitu. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Kisha Rispah akamrudia Velma: "Nipe ya Mama."

Ililia mara moja. Mara mbili. Rispah alikuwa ameegemea ukuta wa moto bila kuuhisi. Alijua kwamba ndani ya mlio ule, kama uzi ndani ya sindano, mlikuwa na maisha yote ya mama yake, na kwamba mama mwenyewe hakujua kama yamo humo.

"Haloo? Nani huyo na namba ya ng'ambo?"

"Ni mimi, Mama."

"Rispah! Mbona unapiga mchana? Huna kazi leo?"

Sauti ilikuwa nzima. Nyuma yake kuku walikuwa wakilalamika, na mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati, taratibu, kama ya kujaribu. Rispah akazungumza bila kujua anazungumza nini. Aliuliza maharagwe. Mama akasema maharagwe yametoa maua, lakini fuko ameingia, na jirani Jerioth amekataa kuwatolea mtego wake kwa sababu ya yale maneno ya mwezi jana. Akamweleza maneno ya mwezi jana, yote, tangu mwanzo. Rispah alisikiliza kila neno. Magari yalipita. Alikuwa amesimama katikati ya Jeddah akisikiliza habari za fuko, na ilimwia kama anasikiliza dunia nzima ikiendelea na shughuli zake, miji yote yenye maduara na ile isiyo nayo, watu wakichuma, wakisengenyana, wakichemsha, na juu ya vichwa vyao kitu kikubwa kimepita karibu sana na hakuna aliyeinua macho.

Pikipiki ikasikika ndani ya simu. Ikanyamaza.

"Huyu naye Nahashon ameingia mbio na kofia kichwani," mama alisema. "Amelowa. Amesimama tu mlangoni ananitazama. Nahashon, ni nini? Mbona unalia wewe?"

"Mama," Rispah alisema. "Mwambie niko kwa simu. Mwambie ni mimi."

"Ni Rispah," mama akamwambia mtu huyo wa mlangoni. "Chukua uongee naye, mimi maziwa yanamwagika."

Simu ikabadilisha mikono. Rispah akasikia pumzi ya kaka yake, nzito, yenye maji ya mvua, akijaribu kuipata sauti yake na kuikosa. Hakumharakisha. Nyuma yao mama alikuwa akiita kutoka jikoni, sauti yake ikishindana na mabati.

Nahashon akakohoa, akajaribu tena.

"Mama anauliza," alisema, "kama umekula."